Shaame Chini, Thabit Juu

Jumatatu, 1 Agosti 1960

Mwalimu Mabruki katangaza leo asubuhi mbele ya chuo kizima. Timu ya chuo cha Unguja inakuja na meli. Mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa Pemba, kwetu Mtondoni, kwenye uwanja wetu wa udongo. Atakayeshinda anakwenda Dar es Salaam kucheza na vyuo vya bara. Dar es Salaam! Mimi, Kificho bin Hija wa Shumba Viamboni, kapteni wa mpira wa kikapu! Nimeshampelekea salamu baba yake Mwatum, mchumba wangu, kwamba mkwewe mtarajiwa anavuka bahari. Mechi bado, najua. Lakini salamu nazo huchukua muda kufika.

Niandike hali ya timu ilivyo. Mpira huu unachezwa na watu watano. Wanne ni watu wa kawaida. Wa tano ni yule mrefu, tunamwita senta, na yeye ndiye anayeamua wenzake washambulie vipi. Jambo hili nimeligundua mwenyewe. Mwalimu Mabruki kalisema pia, lakini mimi nilikuwa nimeshalifikiria.

Sisi tuna masenta wawili. Wa kwanza Shaame, wa Kengeja. Mabega kama mlango wa ghala. Anasimama chini kabisa, kikapu kakipa mgongo, kanyoosha mkono mmoja, anangoja. Akipata mpira anageuka, na waliokuwa nyuma yake unawakuta wamekaa chini. Anayempa mpira ni mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naudunda, nautazama mkono wake, naurusha. Wengine watatu wanatazama. Ni mchezo wa heshima, wa taratibu, hauhitaji mtu kukimbiakimbia. Mimi si mtu wa mbio.

Wa pili Thabit, wa Wete. Kamzidi Shaame urefu, lakini mwembamba, upepo wa kusi ukivuma unahofia utamchukua. Yeye hakai chini ya kikapu. Anakuja juu, karibu na mstari wa adhabu, anapewa mpira, anaushika juu ya kichwa. Hapo wenzake wote wanapita mbio kulia na kushoto kwake, naye anachagua nani wa kumpa. Mbio tupu!

Mwalimu kasema keshokutwa tutajaribu kushambulia kwa njia ya Thabit. Wakati anasema hivyo alinitazama miguu. Sikupenda.

Jumatano, 3 Agosti

Siku mbaya.

Thabit kasimama juu, mpira kichwani. Wenzangu wakampita kama maji ya mvua yanavyoteremka mtaroni. Kila mmoja kafunga. Hata yule mwenye miwani, ambaye tangu aingie chuoni hajapata kufunga hata kiatu chake vizuri. Mimi nilipita nikiwa nimechelewa, mpira ukanipata sikioni. Mara ya pili niliwahi mno, nikagongana na Thabit mwenyewe. Kanishika nisianguke, akaniomba radhi. Kosa langu, radhi kaomba yeye! Watu wa namna hiyo wanachosha.

Mwalimu kaniuliza kwa upole kama nimekula. Halafu akatukusanya, akasema kwamba tukimtumia Shaame tunashambulia kwa mtu mmoja na watazamaji wanne, lakini tukimtumia Thabit tunashambulia wote watano. Akaongeza kwamba, kwa njia hii ya pili, mahali pangu patataka mtu mwepesi zaidi. Alilisema kama mtu anayeomba apewe chumvi.

Mchana muhogo haukunishuka. Nimefikiri sana. Thabit akipanda, mimi nashuka. Lazima Thabit akwame.

Mwaka huu ni mwaka wa siasa. Uchaguzi unakuja, kila mtu na chama chake. Kwao Shaame wako upande mmoja. Kwao Thabit, watu wenye asili ya Oman na mashamba yao ya mikarafuu, wako upande mwengine. Kuna vijiji watu hawanunui tena kwenye duka moja. Kuna wasioingia tena maziko ya jirani. Mimi sikuyaanzisha. Yapo tu. Mtu akiyatumia kidogo kwa faida ya chuo, ubaya uko wapi?

Mpango: nitamwambia Shaame kwamba Thabit kasema watu wa Kengeja hawajui kitu ila kuvuta juya, nyavu za samaki. Shaame atakasirika. Atasusa kucheza na Thabit. Mwalimu itabidi achague, na hatathubutu kumwacha Shaame. Mpango mzuri. Hauna gharama.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimemwambia, baada ya sala, tukitoka msikitini. Shaame kanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Kisha akageuka, akamfuata Thabit moja kwa moja mbele ya watu wote, akamwuliza kama kayasema maneno yale.

Thabit akasema hakuyasema. Lakini akauliza kama ni kweli kwamba Kengeja wanavuta juya. Shaame akasema ni kweli, na marehemu baba yake alikuwa hana mfano kwa kazi hiyo. Thabit akasema yeye kazaliwa kisiwani na hajapata kushika hata kamba ya juya, na angependa siku moja aoneshwe. Wakacheka! Wakasimama pale wakacheka kama watu waliopotezana miaka.

Halafu wakaja kwangu wote wawili. Nikaona leo ndiyo leo. Shaame akaniwekea mkono begani, akasema, "Kificho mwenzangu, nahisi ulisikia vibaya. Lile sikio bado lakuuma?"

Nikasema linauma. Nalo kweli linauma.

Jioni nimewaona uwanjani peke yao. Shaame anamwonesha Thabit namna ya kuiweka miguu wakati mtu anakusukuma. Thabit anamwonesha Shaame namna ya kutoa pasi bila ya kugeuza kichwa. Nilitaka ugomvi, nimewapa urafiki. Astaghfirullah.

Jumapili, 7 Agosti

Nimepata mpango mwengine, na huu hauna siasa ndani yake.

Yuko kijana wa mwaka wa kwanza, Khatib, wa Mgogoni. Mrefu kuliko Shaame, mrefu kuliko Thabit. Akiingia darasani anainama kama anayeingia kaburini. Hajapata kushika mpira. Hesabu yangu ni hii: Mwalimu akiwa na mrefu mwengine wa akiba, hatamhitaji tena Thabit. Nimfundishe mimi, niwe mimi niliyemleta.

Nilimpeleka nyuma ya chuo, kwenye nyumba ya Bi Kijakazi, palipo na uwanja mgumu. Nilisahau kwamba karafuu zimeanza kuanikwa. Mpira wa kwanza nilimrushia taratibu. Khatib akafumba macho. Mpira ukampita, ukaenda kutua katikati ya jamvi la karafuu. Bi Kijakazi akatoka na ufagio. Maneno aliyoyasema juu ya wazazi wangu sitayaandika. Tumeokota karafuu mpaka adhuhuri.

Nilimwuliza Khatib kwa nini anafumba macho. Akanijibu kwa adabu kwamba kitu kikimjia usoni yeye hufumba macho, na kwamba alidhani watu wote ndivyo walivyo.

Hata hivyo, alasiri nikampeleka kwa Mwalimu. Tukamsimamisha chini ya kikapu pamoja na Shaame. Ajabu! Wale wa timu ya pili walipouona urefu ule, wawili wakamganda, hawamwachi. Shaame akabaki peke yake, akafunga, akafunga tena. Khatib hajagusa mpira hata mara moja. Mwalimu kacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Akasema kumbe hata senta asiyeshika mpira anabadilisha mashambulizi. Akanishukuru mbele ya wote. Khatib kawa mchezaji wa akiba.

Thabit yupo pale pale alipokuwa. Nimeongeza mtu, sikupunguza. Lakini shukrani ni shukrani.

Jumanne, 9 Agosti

Mwalimu kakata shauri. Watacheza wote wawili. Shaame chini, Thabit juu.

Niandike nilichokiona, kwa sababu sijapata kukiona kabla. Mpira unakwenda kwa Thabit pale juu. Anayemlinda anatoka kumfuata. Akishatoka tu, Thabit anauteremsha kwa Shaame. Wakimzonga Shaame, yeye anautoa nje bila kutazama, na mtu anakuwa anapita hapo hapo. Mmoja anauvuta ulinzi juu, mwengine anauvuta chini, na katikati panafunguka kama pazia. Nilisimama nikatazama mpaka nikasahau kwamba na mimi nimo.

Na kumbe simo. Zimebaki nafasi tatu za watu wafupi. Mwalimu kataja jina la kwanza, la pili, la tatu. Langu halimo. Kapteni! Nilishughulika na kamba ya kiatu.

Shaame akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, naomba Kificho awemo. Yeye anaujua mkono wangu. Akirusha yeye, mimi sina haja ya kutazama."

Mwalimu aliuendea ubao. Akalifuta jina moja, akaliandika langu. Lakini akaniambia waziwazi: nafasi yangu ni pale Shaame anapokuwa chini. Shaame asipokuwepo, nami nakaa nje.

Baadaye tulikaa mimi na Shaame tukinywa madafu. Kanieleza habari za mama yake, Bi Mize. Alifiwa na mume Shaame akiwa mdogo. Kawalea yeye na dada yake, Mwanabaraka, kwa kusuka majamvi na kulima muhogo. Mpira wa kikapu hajapata kuuona. Kaelezwa tu kwamba mwanawe huko chuoni hutia mpira kwenye kitu kama pakacha, na kila akienda kwao humwuliza: mkishautia huo mpira, hilo pakacha mnalipeleka wapi? Shaame kacheka peke yake. Halafu akaliweka dafu chini. Akasema tangu kusi kuanza mama anakohoa.

Nikasema inshallah atapona. Nilikuwa nafikiria Dar es Salaam.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimefanya jambo leo, na nataka kuliandika kama lilivyo, lisije likaonekana vyengine.

Alasiri nilikuwa langoni. Gari la abiria la kusini likasimama kushusha ndizi za jikoni. Utingo wa gari akaniita kutoka juu ya mizigo.

"We si mwenzake Shaame? Nwambie mamaake kazidiwa. Wamesema aje, asingoje kesho."

Nikasema nitamwambia. Gari likaenda.

Bi Siti, mpishi wetu, alikuwa pale akipokea ndizi zake. Akaniuliza ni mama yake nani huyo aliyezidiwa. Nikasema mtu mmoja wa Kengeja. Bi Siti akasema Shaame naye ni wa Kengeja. Nikasema Kengeja ina watu wengi.

Nikatembea kwenda mabwenini nimeushika ujumbe kifuani kama kaa la moto. Shaame alikuwa amekaa kitandani anashona soli ya kiatu. Kanitazama, akatabasamu. Nikampita.

Nimelifikiria kwa makini. Akiambiwa leo, kesho asubuhi anaondoka. Mechi ni keshokutwa. Akiondoka yeye, nami niko nje, na Dar es Salaam haipo. Na wagonjwa wa kisiwa hiki nawajua. Kila wiki kuna mtu kazidiwa, na wiki ya pili mtu huyo huyo anaulizia uji. Shangazi yangu kazidiwa tangu mimi mtoto nasoma chuo cha Qurani. Keshokutwa jioni, mpira ukimalizika tu, nitamwambia. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka Kengeja. Nitambebea na mzigo.

Huku si kuficha. Ni kuchelewesha tu.

Ijumaa, 12 Agosti

Wenzetu wa Unguja wamefika. Viatu vyao vya mpira vyeupe pe. Senta wao mnene, mwenye mikono mirefu, anapumua kwa mdomo. Wakauliza wa kwetu yupi. Nikawaonesha Shaame. Wakatazamana. Furaha niliyoipata!

Haikudumu. Shaame kaniuliza kama gari la kusini lilipita jana, maana mama yake humletea salamu kila Alhamisi. Nikasema nimesikia limeharibika njiani. Akasema ajabu, kwa kuwa mchana tumekula ndizi za Kengeja. Nikasema labda ni za mahali pengine. Shaame akatikisa kichwa. Ndizi za kwao anazijua.

Hotuba ya Ijumaa ilikuwa juu ya amana. Kwa nini leo? Imamu alikuwa na mwaka mzima wa kusema juu ya amana! Nina hakika alinitazama. Nikasogea nyuma ya Khatib. Urefu wake una faida nyingi.

Jioni nilimkuta Shaame kisimani anafua. Kafua fulana yake na yangu pamoja. Kasema sikio langu likipona vizuri ndipo nitakapofua mwenyewe. Akazitundika zote mbili kwenye kamba moja, yake kubwa, yangu kando yake kama ya mtoto. Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi niliufungua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikamwuliza kama zile fulana katia buluu ya kung'arishia.

Jumamosi, 13 Agosti

Asubuhi, wakati wa uji. Shaame kaenda na bakuli lake. Bi Siti kamtazama, akashusha upawa.

"Shaame, mwanangu, we bado uko hapa? Mamaako yu hali gani? Mie nlidhani ushakwenda tangu jana."

Shaame akauliza kwenda wapi. Bi Siti akanitazama mimi. Shaame naye akanitazama. Aliweka bakuli chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikaanza kusema kwamba nilikuwa karibu kumwambia, kwamba leo leo, jioni. Alikuwa ameshatoka.

Gari la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Ndipo Thabit akainuka. Ami yake ana gari ndogo Wete. Akachukua baiskeli ya Mwalimu, akaenda nayo kama mshale. Tulipomwona tena yuko ndani ya gari, peke yake, anaendesha mwenyewe. Kasema ami hakutaka kwenda. Ami kamwambia huu si mwaka wa mtu wao kuonekana Kengeja, na Thabit kamwambia kwamba yeye haendi kwenye mkutano, anampeleka mwenzake kwa mama yake. Akapewa ufunguo bila ya kuagwa.

Mimi nikasema, kwa heshima, kwamba mechi ni saa kumi, na kwamba Thabit akienda naye hatutakuwa na senta hata mmoja. Nikapendekeza Shaame aendeshe mwenyewe. Shaame hajui kuendesha gari. Mwalimu Mabruki alinipa mgongo. Aliwaambia, "Nendeni, wanangu. Mpira utachezwa." Gari likatoka na vumbi. Fulana ya Shaame ilibaki kwenye kamba.

Saa kumi. Watu wa Mgogoni, jirani zetu, wamejaa pande zote. Nikamwendea Mwalimu, nikamwambia nitacheza mimi usenta. Nimemsoma Shaame kuliko mtu yeyote, najua kila anachofanya. Mwalimu alikuwa kama mtu asiyesikia. Akapunga mkono.

Nikasimama chini. Nikakipa kikapu mgongo. Nikanyoosha mkono, nikangoja. Kila kitu kama Shaame. Mpira ukaja. Yule mnene wa Unguja akaupitisha mkono juu ya kichwa changu, akautwaa kama mtu anayeteremsha kikombe kwenye rafu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alinishika bega kwanza nisiumie. Watu wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Wakati wa mapumziko walikuwa wametuacha mbali sana. Mwalimu akanitoa. Akamtia Khatib, akamwambia asifanye chochote, asimame tu, na macho yake ayaweke wazi. Wale wanne akawaambia wakimbie.

Khatib akasimama. Wawili wa Unguja wakamganda, pamoja na yule mnene. Wafupi wetu wakapata njia. Mbio! Kulia, kushoto, chini ya mikono ya watu! Mwenye miwani kafunga mpaka miwani ikaanguka. Tukasogea, tukasogea. Kisha mpira mmoja ukamfikia Khatib. Macho wazi. Akaudaka, akautazama kama kitu alichoombwa ashike kidogo mwenyewe akirudi. Akanyoosha mkono, wala hakuruka, akautia. Mgogoni nzima iliingia uwanjani! Refa alihangaika kuwatoa.

Tumeshindwa kwa kikapu kimoja.

Nasikitika kwamba nilitolewa. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuizoea nafasi.

Hakuna aliyesema nami wakati wa chakula. Bi Siti kanipakulia bila ya kuniangalia.

Jumatatu, 15 Agosti

Bi Mize kafariki jana alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Habari imekuja na gari la kusini, na safari hii utingo hakunipa mimi. Alishuka, akaingia ndani, akamtafuta Mwalimu.

Leo Mwalimu katuchukua sote Kengeja kuhani msiba. Njia nzima hakuna aliyeimba. Nilikaa mwisho, miguu nje.

Nyumba ndogo ya makuti, wanaume wamekaa nje kwenye majamvi. Majamvi mazuri, mapya, yenye ukingo wa rangi. Nikamwuliza mzee mmoja nani kayasuka. Akasema mwenyewe marehemu. Nikajikuta sijui niweke wapi miguu yangu.

Thabit alikuwepo. Kanzu yake ina udongo magotini. Mzee yule akanieleza kwamba kijana huyu aliingia kaburini pamoja na wajomba zake Shaame, akaupokea mwili. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemkataza. Akasema tangu mwaka uanze, watu wa upande ule na wa upande huu hawajanywa kahawa pamoja hapa. Jana wamekunywa. Niliwaona na leo: wazee wawili wamemweka Thabit katikati yao, mmoja anamjazia kikombe, na hakuna aliyetaja chama. Nilitazama sana. Kwa nini nilitazama sana, sijui.

Shaame alimpa mkono kila mtu. Alipofika kwangu akakaa. Macho mekundu, sauti ile ile.

"Nilimkuta hai, Kificho. Lakini kauli ilikuwa imeshakatika. Alinishika mkono tu. Mwanabaraka anasema Alhamisi na Ijumaa alikuwa akisema vizuri. Alikuwa akiniulizia nimefika wapi."

Nikautazama ukingo wa jamvi.

"Ungeliniambia Alhamisi, ningeliisikia sauti yake."

Hakupaza sauti. Angelipaza ningelishukuru. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, mazuri, yote yamenitoka. Nikasema, "Nilitaka tushinde."

"Najua," akasema. Kisha akainuka, maana wageni wamefika na maji ya kunawa hayakuwepo.

Nimelia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Nililia pale pale kwenye jamvi, uso kwenye viganja. Watu wakadhani nilikuwa namjua sana marehemu, wakanipisha nikae karibu na imamu. Sikuwaambia vyengine.

Alhamisi, 18 Agosti

Ukapteni nimevuliwa. Kapewa Thabit. Kaja kwangu mwenyewe kuniambia kwamba hakuuomba. Khatib kapewa fulana ya timu, kaivaa, inamfika kitovuni.

Lakini kuna habari njema! Wenzetu wa Unguja wametupa mechi ya marudiano huko kwao, katikati ya Septemba, kwa kuwa wanasema walitushinda tukiwa hatujakamilika na hawataki maneno. Waungwana! Kwa hiyo Dar es Salaam bado ipo.

Tatizo ni Shaame. Kasema atakaa Kengeja mpaka arubaini ya mama yake ipite, asimwache Mwanabaraka peke yake. Mwalimu kamwambia akae hata zaidi, nafasi yake chuoni haiendi popote. Maneno mazuri ya mwalimu. Lakini arubaini inapita baada ya mechi! Na bila ya Shaame kule chini, hakuna wa kurushiwa. Na bila ya wa kurushiwa, mimi ni nani?

Yale aliyoniambia Shaame nimeyafikiria siku zote hizi. Chakula hakina ladha. Nimeyageuza huku na huku, na leo baada ya adhuhuri nimeelewa hasa kosa langu lilikuwa nini. Kosa ni kuchelewesha. Habari ikitoka kwa mtu haina budi iende mbio mpaka kwa mwenyewe. Sitachelewesha tena.

Basi alasiri nimekwenda langoni, nikalingoja gari la kusini. Nimempa utingo ujumbe aupeleke Kengeja leo hii: Mwalimu Mabruki anasema Shaame arudi chuoni kabla ya Jumatatu, ama sivyo nafasi yake atapewa mwengine. Mwalimu hajasema hivyo. Lakini ana kazi nyingi, na angelipata nafasi ya kulifikiria jambo hili vizuri, nina hakika angelisema.

Utingo alinitazama sana. Akaniuliza kama kweli. Akaniuliza tena.

Nikamwambia apande gari aende, habari kama hii haifai kucheleweshwa.